Kufungua jukwaa lako kwa programu huria: mambo yaliyoninyima usingizi

Mimi ni fundi wa vyerehani. Si mshonaji, ni yule anayeletewa cherehani kikishagoma. Kwa miaka kadhaa tulikuwa mafundi wapatao 60 kwenye kundi moja la soga la simu, na kila wiki hakosi mtu wa kuuliza: "Wakuu, cherehani kinaruka mishono, tatizo nini?" Mwingine anajibu yaleyale ya wiki iliyopita: angalia sindano kama imepinda au imewekwa kinyume, ikiwa iko sawa angalia kulabu kama inaikuta sindano kwa wakati. Baada ya siku mbili jibu limeshafukiwa na salamu na picha, na anayefuata anauliza upya.

Nikasema basi, tuwe na jukwaa. Kila swali liwe na uzi wake, uzi uwe na kichwa, na kichwa kitafutike hata baada ya miaka 5. (Ndiyo, mafundi wa vyerehani wanaofungua nyuzi. Utani huo tumeshautania mpaka ukachakaa.)

Haya nayaandika kwa mtu aliye kama nilivyokuwa: anaijua kompyuta, hakimbii maelekezo marefu, ila hajawahi kusimamia seva. Kwenye kusakinisha nitapita mbio, kwa sababu ni kazi ya saa moja. Nitakaa zaidi kwenye baruapepe, utafutaji na bakapu (nakala za akiba).

Nani ataamka usiku?

Programu huria za majukwaa ni nyingi, na watu huzibishania kama mashabiki wa mpira. Kabla hujajitosa kwenye ubishi huo, jiulize: jukwaa likizimika saa nane za usiku, nani ataamka, na anajua nini? Ukishapata jibu, orodha inafupika yenyewe.

Kama mwamkaji ni mtu wa kiwango changu, anayejua kupandisha mafaili kwa SFTP na kubonyezabonyeza kwenye paneli ya hostingi (huduma ya kukodi nafasi kwenye seva), phpBB inamtosha. James Atkinson aliianzisha mwaka 2000. Imeandikwa kwa PHP, leseni yake ni GPL toleo la 2, na inakubali kanzidata (ghala la data zote za jukwaa) za MySQL, MariaDB, PostgreSQL na hata SQLite. Inakwenda vizuri kwenye hostingi ya pamoja, ile mnayokaa wengi kwenye seva moja. Sura yake ni ya kizamani, sikatai. Lakini ukipata hitilafu, kuna uwezekano mkubwa mtu mwingine ameshaipata kabla yako na suluhisho limeandikwa mahali.

Kama una seva pepe yako mwenyewe na ile skrini nyeusi ya amri haikutishi, itazame Discourse. Ilitolewa mwaka 2013 na Jeff Atwood, Robin Ward na Sam Saffron. Hii ni mnyama mwingine: Ruby, PostgreSQL na Redis, vyote vimefungwa ndani ya kontena la Docker, yaani sanduku lililojitenga ndani ya seva. Inataka RAM ya GB 1 kwa uchache pamoja na swapu (sehemu ya diski inayoisaidia RAM), na kwa GB 2 inapumua vizuri zaidi. Hostingi ya pamoja isahau. Malipo yake ni kwamba mambo mengi yanajiendesha yenyewe. Mwanachama huanzia ngazi ya 0. Akishaingia kwenye mada 5 za watu, akasoma machapisho 30 na kutumia dakika 10 kwa jumla akisoma, anapanda ngazi ya 1 na kufunguliwa vitu alivyokuwa amezuiwa. Ngazi zinafika 4. Bakapu nayo inatoka kama furushi moja, machapisho na picha pamoja, kwa kubonyeza kitufe. Hilo la bakapu nililionea wivu sana, utaona kwa nini.

Katikati yao kuna Flarum, iliyofika toleo la 1.0 mwaka 2021, nyepesi na nzuri machoni, nayo ni ya PHP na leseni yake ni MIT. Husakinishwa kwa Composer, programu ya amri inayopakua vipande vya PHP, hivyo hakikisha hostingi yako inakuruhusu kuandika amri. Zipo pia MyBB, SMF na NodeBB. Sijazitumia kwa muda wa kutosha kuzisemea.

Jambo moja kuhusu neno huria. Watu hulisikia wakadhani maana yake ni bure. Seva utailipia, domeini (jina la tovuti yako) utailipia. Unachopata ni ruhusa ya kuitumia programu, kuichokonoa, na zaidi ya yote kuhama nayo: mwenye seva akikuchosha, unabeba kanzidata na mafaili yako, unakwenda kwingine, na wanachama hawatambui kitu. Mimi nimehama mara 2.

Kabla ya kupakua chochote

Domeini iwe kwa jina lako. Kuna kijana mwema aliyejitolea kunisajilia, akaisajili kwa jina lake na baruapepe yake, kisha akabadilisha namba ya simu. Ilinichukua miezi 3 kuipata. Hakuwa na nia mbaya, lakini miezi ni miezi.

Hostingi iwe na PHP ya toleo linalotakiwa na programu uliyochagua (soma ukurasa wao wa mahitaji, usikisie) na cheti cha HTTPS. Hostingi nyingi zinatoa cheti cha Let's Encrypt bila malipo. Vyeti hivyo huisha baada ya siku 90, kwa hiyo hakikisha vinajisasisha vyenyewe. Ukisema utakuwa unakumbuka, hutakumbuka.

Kitu cha tatu ni njia ya kutuma baruapepe. Itakuja mbele.

Kusakinisha, kwa haraka

Pakua kifurushi kamili cha phpBB kutoka tovuti yao yenyewe, si kwa mtu aliyekuongezea "vionjo". Fungua zipu, pandisha mafaili. Kwenye paneli ya hostingi tengeneza kanzidata mpya na mtumiaji wake, na nywila uiandike mahali. Fungua kivinjari, nenda kwenye anwani yako ukiongeza /install/app.php mwishoni. Itakagua kama folda za cache, files, store na images/avatars/upload zinaandikika. Ikilalamika, rekebisha ruhusa za folda hizo. Utajaza jina la admini, taarifa za kanzidata, anwani ya jukwaa, basi.

Ukimaliza, futa folda ya install. Isipofutwa, wageni wataambiwa jukwaa limefungwa nawe utadhani umeharibu kitu.

Lipo tatizo dogo linalowaliza wengi siku ya kwanza: unaingia, unabonyeza ukurasa mwingine, unakuta umetolewa. Unaingia tena, unatolewa tena. Hicho ni kidakuzi (cookie), kumbukumbu ndogo ambayo kivinjari hutunza ili jukwaa likutambue. Kwenye mipangilio, domeini ya kidakuzi lazima ilingane na anwani watu wanayoingilia, na kama unatumia HTTPS, washa kidakuzi salama. Ukiwa umeshajifungia nje kabisa, fungua jedwali la phpbb_config kwa phpMyAdmin (ukurasa wa kuhariri kanzidata, upo kwenye paneli ya hostingi), tafuta mstari wa cookie_domain, usahihishe hapo, kisha futa yaliyomo kwenye folda ya cache lakini folda yenyewe uiache.

Baruapepe

Wiki ya kwanza walijiandikisha watu 40. Waliofanikiwa kuingia walikuwa 11. Wale wengine 29 walikuwa wakisubiri barua ya kuthibitisha akaunti, na barua haikufika, au ilifika ikatupwa kwenye folda ya takataka. Wachache walinipigia. Wengi walikata tamaa kimya kimya, na hao ndio wanaouma.

Kosa lilikuwa langu. Kwenye nafasi ya "mtumaji" niliweka anwani yangu ya baruapepe ya bure, ile ninayoitumia na ndugu. Seva ya jukwaa ikawa inatuma barua ikijidai ni kampuni ile ya baruapepe, na wapokeaji wakaikamata kama mwizi aliyevaa sare ya mtu.

Fanya hivi. Tengeneza anwani kwenye domeini yako mwenyewe, na hiyo ndiyo iwe ya mawasiliano na ya kurudishia barua. Usitegemee seva ya hostingi kupeleka barua yenyewe. Seva nyingi za kukodi zimefungiwa lango (port) la 25, ambalo seva hupelekeana barua, kwa sababu ya watuma spamu, na anwani za IP mnazochangia huwa zimeshachafuliwa na jirani. Tumia huduma ya kupeleka barua kwa SMTP, lango la 587, ukiwa na jina na nywila ya huduma hiyo. Kisha nenda kwenye rekodi za DNS za domeini yako (maelezo ya domeini yanayosomwa na seva nyingine) uweke vitu 3:

SPF, mstari unaotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM, ufunguo ambao mpokeaji anautumia kuhakiki sahihi iliyobandikwa kwenye kila barua. Na DMARC, inayowaambia wapokeaji waifanyeje barua iliyoshindwa mitihani hiyo. Huduma ya kupeleka barua itakupa maneno yenyewe, wewe ni kunakili. Angalia usiweke mistari miwili ya SPF kwenye domeini moja. Inatakiwa mmoja tu, ukiwa na watumaji wawili wataje wote ndani ya huohuo.

Ukimaliza, usijipongeze. Jiandikishe kwenye jukwaa kwa akaunti 3 za majaribio, kila moja ikitumia kampuni tofauti ya baruapepe. Barua zikifika, fungua vichwa vyake kamili (headers, maelezo ya safari ya barua) utafute spf=pass na dkim=pass. Ukiviona vyote, sasa alika watu.

Kwa wanaokwenda Discourse, hili ni zito zaidi: hata akaunti ya admini wa kwanza huthibitishwa kwa barua. Kuna mlango wa nyuma wa kumtengeneza admini kwa amri, rake admin:create ukiwa ndani ya kontena. Neno la kati liandike kwa Kiingereza chake, admin, bila i ya mwisho. Mimi mkono ulizoea Kiswahili nikahangaika nusu saa.

Vyumba vichache, na neno "Kamwe"

Nilianza na vyumba 14. Cha vyerehani vya mkono, cha vya umeme, cha overloki, cha sindano, cha mafuta, cha utani, hata cha mashairi. Ilikuwa kama nyumba ya ghorofa yenye wapangaji watatu. Nikafunga 11. Vilivyobaki vilikuwa Matatizo na majibu, Vipuri, na Barazani. Kipya nilifungua pale tu nyuzi za aina moja zilipoanza kusumbua wengine.

Ukitengeneza chumba kipya kwenye phpBB, hakionekani na mtu yeyote, hata wewe admini, mpaka ukipe ruhusa. Watu hudhani kimepotea. Wakati wa kukitengeneza kuna mahali pa kunakili ruhusa kutoka chumba kingine, tumia hapo.

Ruhusa zenyewe zina hali tatu: Ndiyo, Hapana, na Kamwe. Hapana ni laini. Maana yake kundi hili halikupi ruhusa, lakini kundi lako jingine linaweza kukupa. Kamwe ni ya chuma: likisema kundi moja tu, hata makundi mengine kumi yakisema Ndiyo, hupati. Mimi niliweka Kamwe kwenye kundi la wanachama wa kawaida ili wasipandishe picha kubwa kwenye Barazani. Mamodi wangu (wasimamizi wa mazungumzo) nao ni wanachama wa kawaida, pia ni mamodi. Wakashindwa kupandisha. Nikakaa jioni nzima nikiwapa Ndiyo juu ya Ndiyo bila mafanikio. Siku hizi Kamwe naiacha kwa waliokula bani tu, yaani waliofungiwa. Ukiwa na shaka, phpBB inakuruhusu kujaribu ruhusa za mwanachama fulani na kuliona jukwaa kama anavyoliona yeye. Fanya hivyo kabla ya kubishana naye.

Spamu

Asubuhi moja nilikuta machapisho 312 mapya. Nikafurahi kwa sekunde mbili hivi. Yote yalikuwa ya kamari na vidonge.

Kapcha (jaribio la kutenganisha mtu na roboti) ya picha za herufi zilizopinda haikuzuia kitu isipokuwa wazee wenye macho mabovu. Kilichosaidia ni swali. phpBB ina kapcha ya maswali na majibu. Unatunga swali lako mwenyewe. Langu la kwanza: "Kidude kinachobeba uzi wa chini kwenye cherehani kinaitwaje?" Likawazuia maroboti, likawazuia na mafundi, kwa sababu mimi naandika bobini, mwingine bobin, mwingine ana jina lake kabisa. Majibu mengi yanaruhusiwa, kila moja kwenye mstari wake. Yaandike yote unayoyajua, pamoja na yaliyokosewa tahajia. Na swali ulibadilishe spamu ikirudi. Itarudi, maana kuna watu wanaolipwa kujibu maswali hayo kwa mkono, na siku hizi programu zenyewe zinajibu. Kwa hiyo weka na ukuta wa pili: kundi la wanachama wapya, ambalo machapisho yao husubiri kupitishwa na modi. Kwa mpangilio wa kawaida mtu hutoka humo akishapitishiwa machapisho 3. Spama hana subira ya kuandika mambo matatu ya maana kuhusu kulabu.

Uchafu ulioshaingia usiufute mmoja mmoja. Kwenye paneli ya admini kuna sehemu ya kupogoa watumiaji kwa tarehe ya kujiandikisha, pamoja na machapisho yao. Chukua bakapu kwanza. Nusura nipogoe na shemeji yangu.

Utafutaji

Hapa ndipo jukwaa linapoishinda soga, na hapa ndipo niliponyamaziwa miezi kadhaa bila kujua. Mwanachama akanilalamikia: "Nikitafuta neno cherehani, linaniambia neno hilo limepuuzwa." Nikamwambia haiwezekani. Nikajaribu. Limepuuzwa kweli.

Utafutaji wa asili wa phpBB una kizingiti cha maneno ya kawaida, na kwa mpangilio wa mwanzo ni asilimia 5. Neno likitokea kwenye zaidi ya asilimia hiyo ya machapisho yote, linahesabiwa kuwa kama "na" au "ya", halitafutwi. Kizingiti hakianzi kazi mpaka machapisho yazidi 100, ndiyo maana wakati wa majaribio kila kitu kilikuwa shwari. Kwenye jukwaa la mafundi wa vyerehani, neno cherehani limo kila mahali. Sindano vilevile, na uzi. Maneno yote ya kazi yetu yalikuwa yamezimwa, yakabaki yale ya salamu.

Dawa ni kuweka kizingiti kuwa 0, kisha kufuta faharasa ya utafutaji na kuijenga upya, kwa sababu maneno yaliyokwisha kupuuzwa hayarudi yenyewe. Wakati inajenga usifunge ukurasa.

Kisha kuna Kiswahili chenyewe. Mitambo hii mingi ilitungwa na watu ambao maneno yao hubadilika mkiani. Yetu hubadilika kichwani: kinaruka, vinaruka, kimeruka, hakiruki. Mtu akitafuta "kuruka" hapati "kinaruka". Wafundishe wanachama kutumia nyota: wakiandika *ruka watapata ukoo mzima, ukiacha yule hakiruki mwenye i mwishoni. Nyota ya mbele inakubaliwa na utafutaji wa asili. Ule wa kutegemea MySQL hauikubali, na hiyo ndiyo sababu sijahama ingawa naambiwa ule ni mwepesi.

Tukaweka na sheria ya kichwa cha uzi: aina ya mashine kwanza, halafu dalili, kwa jina la kitu na si kwa kilio. "Msaada tafadhali wakuu" modi anaibadilisha, hafuti, anaibadilisha tu. "Ya miguu, inaruka mishono kwenye jinzi" inapatikana hata mwakani.

Bakapu

Niliandika skripti ndogo ya kuendeshwa kila usiku na cron, programu ya seva inayoendesha amri kwa ratiba iliyoandikwa kwenye crontab. Mstari wake wa maana ni huu:

mysqldump --single-transaction jukwaa | gzip > /bakapu/jukwaa-$(date +%F).sql.gz

Weka mstari huo ndani ya faili la skripti, usiubandike moja kwa moja kwenye crontab, maana crontab huigeuza alama ya asilimia kuwa mstari mpya na amri inakatika. Nywila ya kanzidata iwe kwenye faili la mipangilio la .my.cnf lenye ruhusa 600, yaani linasomwa na mwenyewe tu.

Yangu haikuwa hivyo. Nywila nilikuwa nimeiandika ndani ya skripti. Siku moja nikabadilisha nywila ya kanzidata, nikasahihisha config.php, jukwaa likaendelea, nikalala. Skripti nikaisahau. Kwa miezi 4 kila usiku ilikataliwa mlangoni, mysqldump haikutoa kitu, na gzip kwa uaminifu wake ikabana hicho kitu kisichokuwapo ikatoa faili. Nilikuwa na mafaili zaidi ya 100, yamepangwa kwa tarehe, yanapendeza. Kila moja lilikuwa na baiti 20. Ndio ukubwa wa hewa iliyobanwa na gzip.

Nilijua hayo siku diski ya seva ilipokufa.

Folda ya files ilipona, kwa kuwa nilikuwa nimeinakili nyumbani. Lakini phpBB haihifadhi viambatisho kwa majina yake. Kila kimoja kinaitwa namba ya mtumiaji, kistari cha chini, kisha mlolongo wa herufi na tarakimu, bila hata .jpg mwishoni, jina halisi na uzi wake vimo kwenye kanzidata. Nikabaki na mamia ya picha za kulabu na gia zisizojulikana ni za nani na zinajibu swali gani. Kanzidata niliyoweza kurudisha ilikuwa ya kabla ya miezi ile 4. Wenzangu walikuwa waungwana, ila mzee mmoja aliyekuwa ameandika maelezo marefu ya kurekebisha taimingi, kwa picha 9, hakuyaandika tena.

Kwa hiyo: kanzidata na folda za files, images, ext pamoja na config.php vichukuliwe usiku mmoja, viende pamoja, vikae kwenye mashine nyingine, si kwenye seva ileile. Skripti ipime ukubwa wa faili jipya, ikikuta ni dogo kuliko la jana kwa kiasi kikubwa ikuandikie barua. Na mara moja kwa mwezi urudishe bakapu kweli, kwenye kompyuta yako, kwenye kanzidata ya jaribio:

zcat jukwaa-tarehe.sql.gz | mysql jaribio

Fungua nakala hiyo, soma uzi wa jana, tazama picha. Ila kabla hujaifungua, nenda jedwali la phpbb_config uweke email_enable kuwa 0. Nakala haijui kwamba ni nakala; inaweza kuanza kuwaandikia wanachama wako barua za kweli.

Masasisho

Desemba 2004 mdudu aitwaye Santy aliingia kwenye majukwaa ya phpBB kupitia tundu la faili la viewtopic.php, akitumia Google kutafuta wahanga wake, na akafuta kurasa zao. Dawa ya tundu hilo, toleo la 2.0.11, ilikuwa imetoka mwezi uliotangulia. Walioumia ni wale waliokuwa bado hawajasasisha. Jiandikishe upate taarifa za matoleo mapya, na toleo la usalama likitoka liweke wiki hiyohiyo.

Utaratibu wangu: bakapu, zima viendelezi (nyongeza za programu, hukaa kwenye folda ya ext), badilisha mafaili yote isipokuwa config.php na folda za files, images, store na ext, endesha usasishaji, futa folda ya install, safisha cache, washa viendelezi kimoja kimoja ukitazama. Usihariri mafaili ya programu yenyewe. Nilikuwa nimeongeza mistari 6 ya kujivunia ndani ya faili moja la ndani, na sasisho la kwanza likaifuta bila kuuliza. Ukitaka kubadilisha kitu, tafuta kiendelezi au jifunze kukiandika. Na viendelezi viwe vichache: kila kimoja ni mgeni wa kulishwa kila unaposasisha.

Mtu wa pili

phpBB ina cheo cha mwanzilishi, ambaye admini wengine hawawezi kumvua. Wawe wawili. Wangu wa pili ni fundi mwenzangu asiyependa kompyuta, na nilimchagua kwa sababu hiyo: akiweza yeye, maelekezo yangu yanaeleweka. Nilimwandikia kurasa 3, nikampa bakapu moja, nikazima simu siku 2 ajaribu kuliinua jukwaa kwenye seva mpya bila mimi. Kanzidata aliirudisha, mafaili akayapandisha, picha zikaonekana. Alikwama kwenye domeini. Kampuni iliyoisajili hutuma namba ya siri ya kuingilia kwa simu, na simu ilikuwa mfukoni mwangu, imezimwa. Ukurasa wa 4 niliuandika usiku huohuo.